Barua ya wazi kwa Nairobi na Dodoma: jengeni hazina ya sumu kabla ya kutangaza dawa ya saratani

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wa Afya, Wanyamapori, Mazingira na Sayansi wa Kenya na Tanzania. Kwa wakuu wa mamlaka za dawa (TMDA ya Tanzania na Bodi ya Famasia na Sumu ya Kenya), mazingira (NEMA ya Kenya), wanyamapori (KWS ya Kenya na TAWIRI ya Tanzania) na tume za sayansi (COSTECH ya Tanzania na NACOSTI ya Kenya).

Waheshimiwa,

Sisi ni watu wa sumu: wakamuaji wa nyoka, wanakemia wa protini, wafamasia na madaktari wa saratani. Ombi letu ni moja, na tunaliweka mbele ili msilazimike kulitafuta mwishoni. Kila moja ya nchi zetu mbili ianzishe hazina ya taifa ya sumu za wanyama, yenye sampuli zilizokaushwa vizuri, zenye lebo kamili na zenye ulinzi wa kisheria. Hilo lifanyike kabla hata shilingi moja ya umma haijaenda kwenye mradi wa kutafuta dawa ya saratani ndani ya sumu. Bila hazina hiyo, mradi huo utazaa semina na picha za magazetini tu.

Tunajua kwa nini jambo hili linawavutia. Kila baada ya miezi michache habari huzunguka kwenye simu kwamba sumu ya nyuki imeua saratani ya matiti kwa saa moja, au kwamba lita ya sumu ya nge ina thamani ya mabilioni. Habari ya kwanza ina ukweli ndani yake, nasi tutaieleza. Ya pili ni hesabu ya kujifurahisha: mtu huchukua bei ya miligramu moja ya kuuzia maabara, akaizidisha hadi kufika lita, kana kwamba kuna mnunuzi wa lita. Hayupo. Maabara inayohitaji sumu ya nge hununua miligramu chache, na kabla ya kulipa inataka kujua nge huyo ni wa spishi gani, alikamatwa wapi na sumu yake ilihifadhiwaje. Anayeleta chupa bila majibu hayo huondoka nayo.

Hali ya dawa zenyewe ni hii. Sumu za wanyama zimeshatoa dawa za kweli. Kaptoprili ya shinikizo la damu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1981, ilitokana na utafiti wa sumu ya nyoka wa Brazil, Bothrops jararaca. Eksenatidi ya kisukari, ya mwaka 2005, chimbuko lake ni mate ya mjusi aitwaye Gila. Lakini kwenye orodha ya dawa za kuua uvimbe wa saratani zilizokwisha kuidhinishwa, hatuoni hata moja iliyotoka kwa nyoka, nge, nyuki, nyigu au buibui. China hudunga wagonjwa utomvu wa ngozi ya chura ujulikanao kama huachansu. Ulipopimwa kwa jaribio la kulinganisha, pamoja na dawa ya kemo iitwayo jemsitabini, kwa wagonjwa wa saratani ya kongosho, haukuongeza chochote juu ya dawa ya kawaida.

Kilicho karibu zaidi na wodi ya saratani ni zikonotidi, nakala ya peptidi (kipande kifupi cha protini) ya konokono wa baharini Conus magus, iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2004 kwa maumivu makali yasiyosikia dawa nyingine. Haiui seli ya saratani. Inazuia neva kupeleka maumivu. Huingizwa kwenye maji ya uti wa mgongo kwa pampu, ikianza na mikrogramu 2.4 kwa siku na isizidi 19.2, maana ikipandishwa haraka mgonjwa huchanganyikiwa na kuona mambo yasiyokuwepo. Kwa hospitali zetu hiyo si dawa ya kukimbilia. Morfini ya maji, ambayo Uganda imekuwa ikiitengeneza nchini kwa miaka mingi, hutuliza maumivu ya wengi kwa gharama ndogo, na bado kuna wilaya zetu ambako haifiki. Mkiwa na fedha za jambo moja tu la saratani mwaka huu, pelekeni morfini kwanza, kisha mrudi kwenye barua hii.

Utafiti unaostahili heshima upo. Klorotoksini ni peptidi ya asidi amino (vijenzi vya protini) 36 kutoka kwenye sumu ya nge wa njano, Leiurus quinquestriatus, wa Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati. Ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1993, na baadaye ikaonekana inashika seli za glioma, saratani ya ubongo, kuliko inavyoshika seli za ubongo zenye afya. Watafiti wakaifungia iodini 131 yenye mionzi na kuiingiza kwenye tundu lililobaki baada ya upasuaji. Jaribio la awamu ya kwanza, la wagonjwa 18, lilichapishwa 2006. Wagonjwa waliivumilia, ila haikufika kuwa dawa. Kundi la Jim Olson kule Seattle likachukua njia nyingine: kuifungia rangi inayong'aa chini ya mwanga wa infraredi, ili daktari mpasuaji aone uvimbe unapoishia na ubongo wenye afya unapoanzia. Sisi tunaona hiyo ndiyo njia yenye akili zaidi, kwa sababu inaitumia sumu kwa kile inachokijua, yaani kutambua seli. Kuua seli sabuni nayo inaua.

Habari ya nyuki ni ya mwaka 2020, kutoka Taasisi ya Harry Perkins mjini Perth, Australia, kazi iliyoongozwa na Ciara Duffy. Melitini ni peptidi ya asidi amino 26 inayochukua karibu nusu ya uzito wa sumu kavu ya nyuki. Kwenye seli za maabara za saratani ya matiti, zile zenye protini ya HER2 nyingi na zile zisizo na vipokezi vitatu vinavyolengwa na dawa zilizopo, ilitoboa utando na kuua seli ndani ya dakika 60, kwa kiwango ambacho seli za kawaida hazikudhurika sana. Ni matokeo mazuri ya maabara. Tatizo ni kwamba melitini haichagui sana: ikiingia kwenye mshipa hukutana na chembe nyekundu za damu kabla ya kukutana na uvimbe, na chembe hizo hupasuka. Ndiyo maana kazi iliyobaki ni ya kuipa melitini gari na anwani, yaani kuifungia kwenye kitu kinachoifikisha kwenye uvimbe ikiwa imelala. Nyigu wa Brazil, Polybia paulista, ana peptidi iitwayo MP1 ambayo kwa asili yake inachagua kidogo. Utafiti wa 2015 ulionyesha kuwa inavutwa na mafuta ya utando yaitwayo fosfatidilserini, ambayo seli ya kawaida huyaficha upande wa ndani na seli ya saratani huyaanika nje.

Sasa tuingie maabara, kwa sababu huko ndiko fedha zenu zitakakopotelea.

Zoezi la kawaida ni rahisi kiasi kwamba mwanafunzi wa shahada ya uzamili hulifanya kwa wiki chache. Seli za saratani hupandwa kwenye sahani ya vishimo 96, zinaachwa usiku mmoja zishike, kisha huwekewa sumu ghafi kwa viwango vinavyopungua nusu kwa nusu. Baada ya saa 24 hadi 72 huwekwa MTT, rangi ya njano ambayo seli hai huigeuza zambarau. Panapopungua zambarau kwa nusu ndipo husomwa kiwango cha kuua nusu ya seli. Karibu sumu yoyote ya nyoka itatoa jibu zuri hapo, na jibu hilo kwa sehemu kubwa ni la uongo. Sababu zake ni hizi.

Sumu nyingi za familia ya kifutu, na baadhi ya sumu nyingine za nyoka, zina kimeng'enya kinachovunja asidi amino, ndicho kinachoipa sumu rangi yake ya manjano. Kinapofanya kazi hutoa haidrojeni peroksaidi, dawa ileile ya kusafishia vidonda. Maji ya kukuzia seli yamejaa asidi amino, kwa hiyo kishimo kinageuka kiwanda kidogo cha peroksaidi na kila kilicho hai humo hufa, kiwe saratani au kisiwe. Mwilini peroksaidi hiyo huondolewa haraka na kimeng'enya cha katalasi kilichomo kwenye damu. Dawa ya mtego huu ni nafuu: rudieni jaribio mkiwa mmeongeza katalasi kwenye nusu ya vishimo. Mauaji yakitoweka, mlichokuwa mnakipima ni peroksaidi, na mradi ufungwe hapo.

Mtego wa pili ni vimeng'enya vinavyokata protini, ambavyo vinahitaji madini ya zinki kufanya kazi. Kifutu anavyo vingi. Vinakata nyuzi zinazoishikiza seli kwenye plastiki, seli inaelea ikiwa hai kabisa, na mtafiti anapomwaga maji na kuosha anaimwaga pamoja nayo. Kwenye chati itaonekana imekufa. Inatakiwa kukusanya zile zinazoelea, kuzitia rangi ya buluu ya tripani na kuzihesabu chini ya hadubini. Seli iliyo hai haiingizi buluu. Kishimo kingine kiwekwe EDTA, inayonyang'anya zinki, ili kuonyesha kama athari inabaki kimeng'enya kikishazimwa.

Halafu kuna lile ambalo hatuelewi kwa nini bado linapita kwenye kamati za fedha: kupima seli za saratani peke yake. Lazima pawepo seli za kawaida za kiungo kilekile, kwa viwango vilevile, siku ileile. Gawanyeni kiwango kinachoua nusu ya seli za kawaida kwa kile kinachoua nusu ya seli za saratani. Uwiano ukiwa 1 au 2, hakuna kitu. Sisi hatuanzi kuchangamka chini ya 10. Pembeni yake liwepo jaribio la chembe nyekundu za damu ya binadamu: mchanganyiko wa asilimia 2, saa moja kwenye nyuzi 37, kuzungushwa kwenye sentrifuji, kisha kusoma wekundu wa maji ya juu kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 540, na Triton, aina ya sabuni ya maabara, ikiwa kipimo cha kupasua asilimia 100. Ni kazi ya siku moja, na ingezuia ripoti nyingi zilizoandikwa kwa furaha.

Tunaongeza mawili kwa haraka. Seli zipimwe vimelea vya mycoplasma na zihakikiwe utambulisho wake, maana duniani kote kuna maabara zilizofanyia kazi seli za HeLa, seli za saratani zilizozoeleka maabara, zikidhani ni nyingine. Na mdomo wa nyoka una bakteria. Sumu isiyochujwa huingia na sumu za bakteria, halafu mabadiliko ya kinga yanayoonekana kwa panya husifiwa nyoka.

Kuna suala pia la saratani ipi. Ukanda wetu wa mashariki mwa Afrika, kutoka Ethiopia hadi Malawi, unaumwa saratani ya umio (njia ya chakula kati ya koo na tumbo) kuliko sehemu nyingi za dunia. Lakini seli za umio zinazotumika sana maabara, kama zile za familia ya KYSE, zilitoka kwa wagonjwa wa Japani. Kama mnataka utafiti wa sumu uwe na maana kwa mtu wa Eldoret au Moshi, mkataba wa fedha utaje saratani ya umio na ya mlango wa kizazi kwa jina, na utenge fungu la kukuza seli kutoka kwa wagonjwa wetu wenyewe kwa ridhaa yao. Asiyetaja saratani yoyote kwenye ombi lake huishia na seli za MCF-7 za matiti kwa sababu ndizo zilizokuwa kwenye friza ya jirani.

Baada ya hayo yote ndipo hufuata kutenganisha sumu kwenye kromatografia, kupima uzito wa kila kijenzi, kusoma mfuatano wa asidi amino na kutengeneza peptidi ile kwa kemia. Kutoka hapo mnyama hahitajiki tena. Klorotoksini inayotumika kwenye majaribio ya wagonjwa hutengenezwa kiwandani bila nge kuguswa. Kumbukeni jambo hili tutakapofika kwenye sheria.

Turudi kwenye sumu yenyewe, ambako nchi zetu zina mali na zinaiharibu. Kifutu mmoja mzima hutoa miligramu 100 hadi 350 za sumu kavu kwa mkamuo mmoja. Swila mkubwa mwenye kutema wa pwani ya Kenya, Naja ashei, aliwahi kutoa gramu 6.2 za sumu ya maji kwa mkamuo mmoja kule Watamu. Nge hutoa chini ya miligramu moja, kwa hiyo kazi ya kutenganisha vijenzi vyake huhitaji nge kwa makumi au mamia. Wapo wanaopatikana kwetu tu: kifutu mwenye pembe wa Bonde la Ufa, Bitis worthingtoni, yupo Kenya pekee, nyoka wa miti Atheris ceratophora wa milima ya Usambara, Uluguru na Udzungwa yupo Tanzania pekee. Konokono wa koni hatari, Conus geographus, yuko kwenye miamba ya pwani yetu, na wenzake huuzwa kwa watalii kama mapambo.

Kukamua kunafanyika hivi. Watu wawili, kamwe si mmoja, na dawa ya sumu ya nyoka inayolingana na spishi iwepo chumbani kabla kisanduku hakijafunguliwa. Nyoka anauma utando wa parafini uliotandazwa juu ya chombo cha kioo kilichochemshwa na kukaukishwa. Tezi husaidiwa kwa vidole bila kubinywa kwa nguvu, maana ukibinya unapata damu na seli ndani ya sumu. Chombo kikae juu ya barafu. Ndani ya dakika chache sumu izungushwe kwenye sentrifuji ya baridi kuondoa uchafu, igawanywe kwenye vichupa vidogo, igandishwe na ikaushwe kwa mashine ya kukausha vilivyogandishwa. Nyoka apumzishwe wiki 3 hadi 4.

Haraka hiyo ina sababu. Robo tatu hivi ya sumu ni maji, na ndani ya maji hayo vimeng'enya vinavyokata protini huanza kukata na wenzao. Sumu iliyokaa mezani mchana mmoja wa Tanga haifanani tena na ile iliyotoka kinywani. Kugandisha na kuyeyusha mara kwa mara nako huiharibu, ndiyo maana tunasisitiza vichupa vidogo, kila kimoja cha matumizi ya mara moja. Na kwa kuwa umeme wetu hukatika, sumu isitunzwe ikiwa maji kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri kwa kutegemea jenereta. Ikikaushwa kwanza, ikafungwa pamoja na kikausha unyevu, gizani, friza ya kawaida ya nyuzi 20 chini ya sifuri inatosha, na ikizimika wikiendi nzima hampotezi kitu kikubwa. Mashine ya kukaushia ni muhimu kuliko friza ya kifahari. Wafadhili hupenda kununua friza.

Lebo ndiyo nusu ya thamani. Spishi, jinsia, urefu, namba ya mnyama, mahali alipokamatwa kwa vipimo vya GPS, tarehe ya kukamatwa, tarehe ya kukamuliwa, aliyemkamua, na kama sumu ni ya mnyama mmoja au imechanganywa. Sumu hutofautiana kwa eneo na kwa umri ndani ya spishi ileile. Mfano uliotuumiza wengi ni huyo huyo Naja ashei: alitangazwa kuwa spishi ya peke yake mwaka 2007 tu, kabla ya hapo akihesabiwa ni aina ya Naja nigricollis. Kichupa cha zamani kilichoandikwa "Naja nigricollis, Kenya" bila kutaja mahali hakifai tena kwa kazi ya kulinganisha bila kurudia uchunguzi mzima. Anayechanganya sumu za nyoka kumi kwenye chupa moja ili kupunguza kazi hafanyi akiba; anafuta habari.

Wafugaji nyuki wanahitaji neno lao, kwa sababu wanauziwa vifaa vya kukamulia nyuki na kuahidiwa soko la dawa. Kifaa ni fremu yenye nyaya zinazopitisha umeme mdogo juu ya kioo. Nyuki huguswa na umeme, anauma kioo, mwiba haunasi, na sumu inakauka juu ya kioo na kukwanguliwa. Kila nyuki huacha karibu sehemu moja ya kumi ya miligramu, kwa hiyo gramu moja ni kazi ya nyuki kama elfu kumi. Kinachosahaulika ni harufu. Nyuki anapouma hutoa harufu ya kuita wenzake, na nyuki wetu wa Kiafrika huitika kundi zima. Mizinga inayokamuliwa iwe mbali na nyumba, njia na mifugo, na anayekwangua avae barakoa, maana vumbi la sumu hiyo likivutwa huamsha mzio wa kifua. Hatujaona kiwango cha kitaifa cha unyevu, melitini na usafi wa sumu ya nyuki kinachomlinda mfugaji dhidi ya mnunuzi anayekataa mzigo kwa maneno matupu. Shirika la Viwango la kila nchi likiweka viwango hivyo, litakuwa limefanya kitu.

Tunakuja kwa wauza matumaini. Mwaka 1986 Argentina ilitikiswa na krotoksina, iliyotokana na sumu ya nyoka Crotalus durissus terrificus. Wagonjwa walikuwa wanapewa nje ya utaratibu wa majaribio uliokubalika. Habari ilipofika televisheni, familia ziliingia mitaani kuidai. Serikali ikaunda tume, tume haikukuta ushahidi wa kufaa, dawa ikasimamishwa katikati ya vilio. Krotoksina iliyosafishwa iliingia baadaye kwenye jaribio halali la awamu ya kwanza, dozi ikipandishwa ngazi kwa ngazi, na matokeo yakachapishwa 2002. Kilichokosekana mwanzoni ni kile kilichofanyika mwishoni. Cuba nayo ilitoa matone ya homeopathia kutokana na nge wa buluu, yenye alama 30CH. Maana ya alama hiyo ni kupunguzwa mara mia moja, na kurudia hivyo mara 30. Baada ya mara ya 12 hivi hakuna hata molekuli moja ya nge inayotarajiwa kubaki kwenye chupa. Hayadhuru, ila mgonjwa aliyeacha mionzi kwa ajili yake anadhurika.

Hatari zaidi ni anayedunga sumu halisi ya nyuki. Ina kimeng'enya cha fosfolipasi A2, mojawapo ya vitu vinavyoamsha mzio mkali kuliko vyote kwenye nyuki, na mtu anaweza kuivumilia mara kadhaa kisha akaanguka siku moja. Asiye na adrenalini mkononi, miligramu 0.5 kwa mtu mzima kwenye msuli wa paja, asiguse sindano hiyo. TMDA na Bodi ya Famasia na Sumu watoe tangazo la wazi kwamba hakuna bidhaa ya sumu ya mnyama iliyosajiliwa kutibu saratani, na kila kliniki ya saratani iongeze swali moja kwenye fomu ya mgonjwa: umetumia sumu ya nyuki, nge au nyoka, na lini? Mwenye chembe za kugandisha damu zilizoshuka baada ya kemo akiongezewa sumu inayovuruga mgando, daktari asiyejua atatafuta sababu mahali pengine.

Kuhusu sheria tutasema kwa ufupi. Nchi zetu zote mbili ni wanachama wa Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa wa kugawana faida za rasilimali za jeni, iliyoanza kutumika 12 Oktoba 2014: ridhaa ya awali, kisha masharti ya kugawana faida. Kenya ilishajifunza kwa Ziwa Bogoria, ambako vijidudu vya maji moto vilitoa vimeng'enya vilivyokuwa sokoni nje kabla KWS haijaanza kudai haki. Mkataba wa 2007 na Novozymes ya Denmark ulikuja kama somo la baadaye. Sumu ina mwanya mkubwa zaidi. Mtafiti akichukua tezi moja ya nyoka na kusoma jeni zake zote, anaondoka na orodha ya kila peptidi ndani ya kompyuta, na hatahitaji nyoka wala kibali cha pili. Mfuko wa Cali, uliozinduliwa Februari 2025 kwa ajili ya faida zitokanazo na data za jeni, unategemea makampuni yatoe kwa hiari. Msiutegemee peke yake. Kila kibali cha kusafirisha sumu au tezi kitaje data kwa jina, kidai nusu ya kila sampuli ibaki kwenye hazina, na kiandike kwamba peptidi iliyotengenezwa kwa kemia kutokana na data hiyo inahesabiwa kuwa imetoka kwetu. Na vibali viombwe kwenye dirisha moja, jibu ndani ya siku 60. Leo mwanafunzi wa hapa huzunguka kwenye ofisi nyingi hadi muda wa shahada unaisha, huku mgeni mwenye wakili akipita.

Kuna faida ya hazina ambayo haisubiri miaka 15 ya kutengeneza dawa ya saratani. Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa mwaka 2017, na linakadiria vifo 81,000 hadi 138,000 kwa mwaka duniani. Utafiti uliochapishwa 2017 ulionyesha kuwa baadhi ya dawa za sumu ya nyoka zinazouzwa Kenya ni dhaifu mno dhidi ya sumu za nyoka wa huko. Bila hifadhi ya sumu zenye lebo, msimamizi wa dawa hana cha kupimia shehena inayoshuka Mombasa au Dar es Salaam. Anasoma karatasi ya mtengenezaji. Hazina ileile inayomhudumia mtafiti wa saratani ingepima kila shehena kabla haijafika Kitui au Tabora.

Kwa kuanzia tunaomba, kwa kila nchi, chumba kimoja chenye mashine ya kukausha vilivyogandishwa, sentrifuji ya baridi, friza mbili za kawaida, mizani ya kupima sehemu ya miligramu, kabati la kufuli mbili, rejista ya karatasi pamoja na ya kompyuta, na watu wanne walioajiriwa kwa kudumu: mkamuaji, mkemia, mtunza rejista na fundi. Fundi asikatwe kwenye bajeti. Mashine ya kukaushia hufa kwa sababu ya mafuta ya pampu yasiyobadilishwa, na mafuta hayo hayamo kwenye ruzuku yoyote tuliyowahi kuiona. Spishi za kuanza nazo ziwe kifutu, koboko, koboko wa kijani na maswila wanaotema, kutoka angalau maeneo matatu kila spishi. Nge na konokono wafuate mwaka wa pili.

Tunaomba jibu la maandishi linalotaja ofisi itakayobeba jukumu hili na fungu la bajeti litakalolipia, kabla ya makadirio ya mwaka ujao wa fedha kusomwa bungeni.

Wenu katika kazi,

Watafiti wa sumu za wanyama, wafamasia na madaktari wa saratani, Kenya na Tanzania